Mpaka Upande B Uishe

Fundi redio mmoja wa Kisinga, Kasese, Uganda, mwenye kibanda karibu na steji ya bodaboda, hapimi redio kaseti kwa kwaya wala kwa rumba. Akishaifungua, akabadilisha mkanda wa mpira uliolegea na kusafisha kichwa cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti, hutoa kwenye droo kanda moja kuukuu ambayo karatasi ya jalada lake imekatika kwenye mikunjo. Huitia, akabonyeza, kisha akashika bisibisi nyembamba na kuanza kuigeuza skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kichwa. Kushoto kidogo, kulia kidogo. Sauti inatoka nzito, maneno yameshikana. Fundi ameinamisha sikio, amefumba macho, anasubiri herufi: s, sh, ch. Zinapoanza kutoka kali na safi, kila moja na nafasi yake, anaondoa mkono taratibu, anatia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isije ikalegezwa na mitikisiko ya barabara ya Bwera, na kazi imekwisha.

Kanda ile ni Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001. Nilimuuliza fundi kwa nini anaipenda hiyo kwa kazi yake, wakati ana lundo la kanda za kwaya zilizorekodiwa vizuri.

"Kwaya inaficha," alinijibu. "Watu ishirini wakiimba pamoja, hata kichwa kikiwa kimepinda hutajua. Lakini mtu akisema peke yake, tena kwa kasi, kasoro yote inajitokeza. Na huyu bwana hamezi neno."

Nimewasikia watangazaji wakimsifu Joseph Haule, ndiye Professor Jay, kwa maneno makubwa kuliko hayo. Sijasikia sifa iliyoipita hiyo. Mtu aliandika mistari yake Dar es Salaam, akaitamka mbele ya kipaza sauti, na zaidi ya miaka ishirini baadaye matamshi yake ni kipimo cha fundi chini ya milima ya Rwenzori, katika nchi nyingine, kwa watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Lhukonzo. Asingetamka kwa uangalifu, fundi angetafuta kanda nyingine.

Kibandani hapo ndipo ubishi huzuka. Soko la Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa, na siku hizo barabara hujaa. Wengi hukaa kwenye benchi la fundi wakisubiri gari. Kanda ikianza tu, mtu hulianzisha: albamu bora ya Professor Jay ni ipi? Mwalimu mmoja wa sekondari hushikilia kwamba jibu liko nyuma ya hapo, kabla mtu huyo hajasimama peke yake, katika Funga Kazi ya kundi la Hard Blasters ya mwaka 2000, kwa sababu humo ndimo ulimo wimbo wa "Chemsha Bongo", na kwake masimulizi yale hayajapata mwenzake. Mama mmoja anayeuza vitenge, mwenyeji wa Kasindi ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, hamwachi amalize. "Hapana, mwalimu. Ile ya pili njo iko na nguvu," husema, akiwa na maana ya Mapinduzi Halisi ya 2003, na papo hapo huanza kuimba kiitikio cha Juma Nature katika "Zali la Mentali", wote benchini wakimfuata. Vijana wa bodaboda wanasimama na J.O.S.E.P.H ya 2006, kwa ajili ya "Nikusaidiaje" aliyoshirikiana na Ferooz. Aluta Continua ya 2007 huwa haina wakili, na naona imeonewa.

Mimi ni wa Machozi, Jasho na Damu, na siyumbi. Nakubali kwamba Mapinduzi Halisi ina muziki mpana zaidi, na kwamba midundo ya P Funk Majani wa Bongo Records ilikuwa imeshakomaa. Lakini albamu ya pili inategemea sana viitikio. Ukiviondoa, baadhi ya nyimbo zinabaki nusu. Albamu ya 2001 inategemea mdomo wa mtu mmoja. Chukua "Ndio Mzee". Mwanasiasa amepanda jukwaani, anaahidi mambo yasiyowezekana, na umati unamwitikia. Msanii hamtukani mtu huyo wala hasimami pembeni kutuambia kwamba ni mwongo. Anamwachia jukwaa. Anamvalia sauti yake, anampa muda wote anaoutaka, na mgombea anaendelea kuahidi mpaka anajihukumu mwenyewe kwa kinywa chake. Kuna subira kubwa katika kuandika hivyo. Mwandishi mwenye haraka angetia ubeti wa kufafanua. Yeye hakutia, na sisi tuliokuwa tumetoka kupiga kura Uganda mwaka huohuo wa 2001 hatukuhitaji kufafanuliwa. Tulikuwa tumemwona mtu yule. Alikuwa amesimama juu ya lori, vumbi limemjaa kwenye suruali, anatuahidi maji na barabara.

Halafu unatoka hapo, mtu yuleyule aliyekuwa mgombea anakuwa mkazi wa jiji katika "Bongo Dar es Salaam", anakuonyesha mitaa na mitego yake. Sauti ni moja, watu ni wengi. Ufundi huo una ukoo wa zamani kuliko hip-hop. Msimulizi wa ngano alikuwa anafanya hivyo karibu na moto, anakuwa sungura, anakuwa fisi, na watoto hawachanganyikiwi kwa sababu kila mnyama ana mwendo wake wa maneno.

Kanda yangu ya kwanza ya albamu hiyo haikuwa halisi. Ilikuwa imerekodiwa kutoka kanda nyingine, na hiyo labda kutoka nyingine, ikanunuliwa Mpondwe kwenye meza ya mtu aliyeuza pia betri na viberiti. Majina ya nyimbo yaliandikwa kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa anasikiliza huku anaandika, maana baadhi yalikuwa maneno ya kiitikio tu, si majina. Na aliyeirekodi alitumia kanda tupu fupi kuliko albamu yenyewe. Kwa hiyo upande B ulikatika. Laiti ungekatika baina ya wimbo na wimbo tusingejua. Ulikatika katikati ya ubeti, mstari umeshaanza, kina kimeshatajwa, mwenzake hajafika.

Mstari huo uliokatika ulitutesa nyumba nzima. Kaka yangu mkubwa, mimi na watoto wa mama mdogo tuliugeuza kuwa mchezo wa jioni, tukiwa tunapukuchua mahindi au tunachambua kahawa. Kila mtu alimalizia kwa namna yake. Masharti yalikuwepo, ingawa hakuna aliyeyaandika: lazima uangukie kwenye kina, lazima uingie ndani ya mdundo bila kukimbia, na lazima liwe neno ambalo yule mtu wa kwenye wimbo angeweza kulisema. Sharti la tatu ndilo lililotushinda. Kina tulikipata, mdundo tuliupata, lakini maneno yalikuwa yetu, si yake. Nyanya yetu hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, ila mstari ulioanguka vizuri aliujua. Alicheka kabla hatujamweleza maana. Ulioanguka vibaya hakuutazama, aliendelea na mahindi yake.

Kaka alikuwa na daftari. Aliandika humo miisho yote, ya kwake na ya wengine, na pembeni akaweka alama. Nilidhani ni mchezo tu. Siku hizi naamini kwamba ilikuwa shule nzuri kuliko ile tuliyokuwa tunaenda asubuhi, kwa sababu shuleni tulifundishwa vina kwa kuhesabu silabi za watu waliokufa, na nyumbani tulikuwa tunavitafuta wenyewe, usiku, kwa wivu, kila mmoja akitaka wake ndio uonekane mzuri.

Kanda halisi ilipofika, imeletwa na dereva wa lori aliyekuwa rafiki wa baba, tulikaa wote. Hatukuanzia mwanzo. Kaka aliisogeza mbele mpaka upande B ukaribie kwisha. Mstari ulipofika pale tulipopajua, ulikuwa mfupi kuliko yetu yote. Sisi tulikuwa tumejaza maneno. Yeye alikuwa ameacha pigo moja tupu, kisha akatia neno la kawaida kabisa, la kila siku, ambalo kila mmoja wetu alikuwa nalo mdomoni na hakuna aliyelitumia. Kaka alisimamisha kanda, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kesho yake nilimkuta anafuta mistari katika daftari.

Watu wanaosema kwamba kurap ni kusema haraka tu hawajawahi kukatikiwa na ubeti. Kiswahili chenyewe kinamtega mwandishi. Karibu kila neno letu linaishia kwa irabu, vitenzi vyetu vingi vinaishia kwa a, na kwa hiyo mtoto yeyote anaweza kupanga piga, lima, soma, lala, akadhani ameandika shairi. Washairi wa Pwani waliujua mtego huo zamani, ndiyo maana Muyaka bin Haji wa Mombasa na waliomfuata walidai silabi nzima ifanane, tena kati na mwisho, na mizani isipungue. Fid Q wa Mwanza aliita albamu yake Vina, Mwanzo, Kati na Mwisho, na Afande Sele wa Morogoro alivikwa taji la mfalme wa vina mwaka 2004. Hao walikuwa wanadai urithi uleule kwa midundo mipya. Lakini vina vikiwa vingi mno navyo vinachosha. Mwenye ufundi wa kweli anajua mahali pa kuvipunguza. Professor Jay mara nyingi anakiacha kina kipite kimya, anakufikisha kwenye habari, na unakuja kukigundua baadaye, pengine uko barabarani unaendesha baiskeli. Ndipo unapocheka peke yako.

Wala hakuanza yeye. Saleh Jabir alikiweka Kiswahili juu ya mdundo wa Marekani mwaka 1991. Kwanza Unit wakafuata. Sugu, ambaye enzi hizo aliitwa 2Proud kisha Mr. II, alikuwa ameshatoa Ni Mimi mwaka 1995. Nairobi, Kalamashaka walitoa Ni Wakati mwaka uleule wa 2001. Kampala, Bataka Squad walikuwa wanajenga rap ya Kiganda. Sisi wa Kasese tulikuwa katikati ya hao wote na hatukuwa wa yeyote. Usiku, hali ya hewa ikiruhusu, tulishika Radio Free Africa ya Mwanza, sauti ikija na kuondoka.

Kuna jambo ambalo huenda ndugu zetu wa Tanzania hawalijui. Katika sehemu kubwa ya Uganda, Kiswahili kilikuja kimevaa buti. Kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi, ya kizuizi cha barabarani, ya mtu anayekuamuru ulale chini. Wazee wengi walikiogopa, na wako wanaokiogopa hadi leo. Kwetu Kasese kilikuwa na milango mingine: reli iliyofika mwaka 1956, mgodi wa shaba wa Kilembe uliowakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na mpaka wa Kongo, ambako Wakonzo na Wanande ni watu wa ukoo mmoja na biashara haijawahi kungoja mihuri. Hata hivyo Kiswahili chetu kilikuwa cha amri na cha bei. Ulijua kuuliza kilo ni ngapi, ulijua kujibu askari. Hukujua kuomboleza kwa Kiswahili, hukujua kumkejeli mkubwa kwa adabu, hukujua kusimulia maisha ya mtu tangu asubuhi yake hadi kuanguka kwake. Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, vitabu na walimu vilichelewa sana kufika vijijini. Kanda zilikuwa zimeshafika. Nasema bila kusita: Kiswahili ninachoandikia insha hii nilikipata kwanza kwenye kanda za Bongo, na nyingi kati ya sentensi zake za mwanzo zilitoka upande A wa ile albamu.

Hapo ndipo ninapowahurumia vijana wa J.O.S.E.P.H. Siku moja nilimuuliza mmoja wao, kijana mpole anayeendesha pikipiki baina ya Kisinga na hospitali ya Kagando, wimbo gani unafuata baada ya "Nikusaidiaje" anayoisifia. Hakujua kwamba kuna unaofuata. Anao wimbo mmoja, umo kwenye simu yake, kati ya wimbo wa injili na wa Kinigeria. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumpa albamu nzima mkononi. Alipeleka kadi ya simu kwa mtu mwenye kompyuta, akalipa, ikajazwa. Jina la msanii limepotea, mwaka haupo, na baadhi ya nyimbo zinaitwa "Track 07" bila ya sita wala ya nane.

Kwetu Ukonzo mtoto hupewa jina kulingana na nafasi aliyozaliwa. Baluku ni mvulana wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne. Masika ni msichana wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu. Ukimsikia mtu anaitwa Masereka, umeshajua kuna wawili waliomtangulia, na utawaulizia. Nyimbo za albamu zilikuwa hivyo. Wimbo wa tatu ulikuwa wa tatu kwa sababu fulani: wa pili ulikuwa umekuchekesha, na sasa msanii alitaka kukushika ukiwa umelegea. Wimbo wa mwisho wa upande A ulijua kwamba baada yake kuna kimya, kitufe kinaruka, mtu anainuka kugeuza kanda. Kwa hiyo ulipewa jambo la kumfikirisha huku anainuka. Mpaka leo nikisikia wimbo mmoja wa Machozi, Jasho na Damu redioni, ukiisha masikio yangu yanaanza kuusubiri unaoufuata kwenye kanda. Linakuja tangazo la sabuni.

Wanaotengeneza muziki nao wameacha kupanga. Wimbo unatoka na video yake, unatangazwa kwa nguvu, na kabla watu hawajaushika maneno mwingine umeshatoka kuuzika. Msanii anaogopa kusahauliwa, kwa hiyo anajisahaulisha mwenyewe. Najua wanasema ndivyo soko linavyotaka, na kwamba mtandao unalipa wimbo, haulipi mpangilio. Inawezekana. Lakini soko la kanda nalo halikuwa la rehema. Wasambazaji walijinufaisha, warudufishaji kama yule wa Mpondwe hawakumpa msanii hata senti, na bado watu walikaa studio wakabishana kama wimbo huu utangulie au ufuate. Mapato yalikuwa mabaya na kazi ilikuwa kamili. Kwa hiyo sikubali kwamba fedha peke yake ndiyo iliyoharibu. Tumeacha kudai. Msikilizaji anayeridhika na nusu ubeti atapewa nusu ubeti, na mtangazaji anayeongea juu ya mistari ya mwisho anafanya hivyo kwa sababu hakuna anayempigia simu kumkataza.

Mwaka 2022, habari zilipofika kwamba Professor Jay amelazwa hospitali ya Muhimbili akiwa mahututi, Kisinga ilijua siku hiyohiyo. Mama wa vitenge alimwombea kwa sauti, hapo benchini, kwa Kinande, watu wamevua kofia. Miezi ikapita. Redio mbalimbali zilipiga nyimbo zake kumkumbuka, na karibu zote zilipiga ubeti wa kwanza wa "Ndio Mzee", kiitikio, halafu zikaenda kwenye matangazo. Mgombea hakupata kumaliza hotuba yake. Nilikaa nimekasirika, maana wimbo ule unamtegemea mgombea aseme mpaka mwisho. Ukimkatiza mapema anabaki mtu wa kuchekesha tu. Mungu alimjalia mgonjwa akapona, na baadaye akatoa "Siku 462", juu ya ugonjwa wake. Aliyekuwa hamezi neno amerudi anatamka taratibu zaidi, na kila neno bado liko mahali pake.

Mwalimu husema kwamba ubunge ulimharibia Professor Jay hoja, kwa kuwa mwandishi wa "Ndio Mzee" aliingia mwenyewe kwenye kampeni na kuwakilisha Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, kama Sugu alivyotangulia kwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Sikubaliani naye. Kanda haikubadilika hata neno moja siku aliyoapishwa. Mtu akitaka kumpima mbunge, ampime kwa barabara na visima vya Mikumi. Albamu ina mizani yake.

Ninachokiona kuwa msiba mkubwa zaidi kiko hapahapa kwetu. Kasese ina albamu ambayo haijaandikwa. Ina reli isiyopitiwa tena na treni, na majani yamepanda juu ya vyuma. Ina Kilembe, ambako shaba ilichimbwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nyumba za wachimbaji zingalipo. Ina mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 ukabeba nyumba na watu, ukafurika tena Mei 2020 na kuingia hospitali ya Kilembe. Ina chumvi ya Katwe, na wanaume na wanawake wanaosimama ndani ya maji yale siku nzima mpaka ngozi inachubuka. Ina pamba ya bondeni na kahawa ya mlimani, na wanawake wanaovuka kwenda Kasindi alfajiri wakarudi jioni na lugha mbili zaidi mdomoni. Na vijana wenye midomo wapo. Nimewasikia Bwera wakirap kwa Lhukonzo na Kiswahili katika ubeti mmoja, wakibadili lugha katikati ya mstari bila mdundo kuyumba, ufundi ambao Dar es Salaam yenyewe haina.

Mmoja wao, hajafika hata miaka ishirini na mitano, alinijia na wimbo wa Nyamwamba. Beti tatu. Wa kwanza unasemwa na mto. Wa pili unasemwa na mzee anayekataa kuhama. Wa tatu unasemwa na mtoto anayetafuta kiatu cha pili, kimoja anacho mkononi, na haulizi kitu kingine chochote isipokuwa kiatu. Nilimwambia ukweli: sijasikia kitu kilichoandikwa hivyo tangu kanda ile ya kwetu ilipokatika. Nikamsihi asiutoe. Andika wa reli, nikamwambia, andika wa chumvi, andika wa harusi ili watu wapate kucheka, na huu uuweke mbele kidogo, baada ya wa harusi, watu wakiwa wamelegea. Tuliupanga mpangilio mzima juu ya karatasi, nyimbo kumi. Tukabishana kama reli ifungue au ifunge upande A, ingawa yeye hajawahi kumiliki kanda maishani mwake.

Aliutoa mwezi uliofuata, peke yake, na picha ya mto kutoka kwenye simu. Simlaumu, alikuwa na karo ya mdogo wake. Ulipendwa. Ulipigwa kwenye teksi za Bwera kwa wiki chache, kisha ukaja mwingine. Ubeti wa mtoto na kiatu uko mwishoni, na kila nilipousikia wimbo huo hewani mtangazaji alikuwa ameshaanza kusoma salamu kabla mtoto hajafungua mdomo.